Pikipiki Kubwa na Heshima ya Kazi ya Fundi

Zipo zana ambazo askari huzizoea hata akaacha kuziona. Miongoni mwazo ni pikipiki kubwa inayotangulia msafara wa mgeni wa taifa. Raia aliyesimama kando ya barabara huitazama akastaajabu. Sisi tulio kazini huuliza tu kama imejazwa petroli. Makala haya yanamwomba askari na polisi aitazame upya, si kwa tamaa ya kuimiliki, bali kwa jicho la mtu ajuaye kwamba uhai wake umo katika chombo alichokabidhiwa.

Nitachukua mfano mmoja ulio mashuhuri, nao ni Harley-Davidson, iliyoanza kutengenezwa mjini Milwaukee, Marekani, mwaka 1903. Injini yake ina silinda mbili zilizosimama mfano wa herufi V, na pembe iliyo baina yao ni nyuzi 45. Pistoni zote mbili huzungusha krenki kwa pini moja. Kwa mpango huo injini huwa nyembamba, ikaweza kukaa chini baina ya miguu ya mpandaji, na uzito wake ukawa karibu na ardhi. Ndiyo sababu polisi huweza kuiongoza pikipiki ipitayo kilo 350 kwa mwendo wa mtu atembeaye, naye asiyumbe.

Mpango huo huo ndio uliozaa mlio wake. Silinda moja ikiwaka, krenki huzunguka nyuzi 315 ndipo ya pili iwake. Kisha huzunguka nyuzi 405 kabla ya ile ya kwanza kuwaka tena. Kwa hiyo mlio hauendi sawasawa kama wa cherehani, bali huenda kwa pigo fupi na pigo refu, kama ngoma. Mlio huo haukuanza kwa nia ya kufurahisha masikio. Ulitokana na umbo la chuma lenyewe. Hali kadhalika vile vibamba vyembamba vilivyozunguka silinda kama mapezi ya samaki: havikuwekwa kuwa pambo, bali kuongeza eneo ambalo upepo utaliondolea joto. Kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo uzuri wa kweli wa chombo. Kinachopendeza macho ndicho kinachofanya kazi.

Wanajeshi wana sababu nyingine ya kuijua pikipiki hii. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kiwanda hicho kilitengeneza pikipiki takriban 90,000 kwa ajili ya Marekani na washirika wake, nyingi zikiwa za aina iliyoitwa WLA. Injini yake ilikuwa na ukubwa wa sentimita za ujazo 740 tu, na mbano wake ulikuwa mdogo kwa makusudi, ili isigome ikipewa petroli hafifu. Chini iliwekwa bamba la chuma la kuikinga injini na mawe, na mbele mfuko wa ngozi wa kuchukulia bunduki. Haikuwa na madoido, lakini ilihudumu. Vita vilipokwisha, raia walizinunua zilizobaki, wakaziondolea vyuma vya ziada, na katika mtindo wao yamo mengi tunayoyaona leo katika pikipiki kubwa za starehe.

Lakini jina kubwa halimlindi fundi mzembe. Mwaka 1969 kiwanda hicho kilinunuliwa na kampuni ya AMF, ambayo iliongeza mno idadi ya pikipiki zilizotolewa. Idadi ilipanda, ubora ukashuka. Injini zilivuja mafuta, na wanunuzi wakageukia pikipiki za Kijapani zilizokuwa nyepesi na za kutegemewa zaidi. Nje kromu iling'aa kama zamani. Wahenga walikwisha kusema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mwaka 1981 viongozi 13 wa kampuni walikinunua kiwanda. Mwaka 1983 serikali ya Marekani iliwasaidia kwa kuongeza ushuru wa pikipiki kubwa zitokazo nje, lakini wao hawakulala juu ya ulinzi huo. Walikwenda kukitazama kiwanda cha washindani wao, Honda, kule Marysville katika jimbo la Ohio, wakajifunza. Mfanyakazi wa mashine alipewa jukumu la kuipima kazi yake mwenyewe, badala ya kumwachia mkaguzi wa mwisho. Injini mpya yenye silinda za alumini, iliyotoka kwa pikipiki za mwaka 1984, ilipoa vizuri zaidi na kuacha kuvuja. Mwaka 1987 kampuni yenyewe iliomba ule ushuru uondolewe kabla ya muda wake.

Atakuwapo msomaji atakayesema kwamba pikipiki hii ni anasa, ni nzito, na kwamba katika msafara wa polepole silinda ya nyuma humchoma mpandaji paja. Asemayo ni kweli. Injini itegemeayo upepo hutaabika upepo unapokosekana, na kwa doria nyingi pikipiki nyepesi yafaa zaidi. Sisemi kwamba kila kikosi kiinunue. Nasema tujifunze kwayo jinsi ya kukipima chombo chochote, hata kama ni baiskeli ya mjumbe.

Katika vikosi vingi hulka yetu ni kukisifu kinachong'aa. Siku ya ukaguzi tangi husuguliwa hata likawa kioo, na kumbe breki ya nyuma imelika na nati ya gurudumu imelegea. Gwaride humpima mpandaji kwa mng'ao. Barabara humpima kwa breki. Mchana wa sherehe makosa hayo hufichika, lakini usiku wa mvua, kijana anapofukuza gari la majambazi, hufichuka yote kwa pamoja, na atakayelipa ni yeye pamoja na watoto wake.

Kwa hiyo yafaa kamanda akaguapo pikipiki aanzie chini: tairi, breki, nyaya na mafuta ya injini, ndipo aje kwenye kromu. Yafaa mpandaji aketi karakanani na fundi wake, amweleze alichokisikia barabarani. Zaidi ya yote, fundi mwenye cheo kidogo asemapo kwamba chombo hiki kisitoke leo, neno lake lisikizwe, hata kama msafara unangoja. Kumnyamazisha ni kumtuma mwenzetu barabarani juu ya chuma kinachong'aa ambacho hakitamrudisha.