Tusiusingizie Mchanga



Mama mmoja wa Buna, kaskazini ya Wajir katika njia iendayo Moyale, alitueleza dhiki yake. Mara mbili amepanda sukumawiki uani, na mara mbili miche imekauka. Kila jioni huwapunguzia watoto maji ya dumu ili ainyweshe bustani. Sasa mumewe amemkataza asirudie tena, akisema kwamba ardhi ile haina baraka. Alitutaka dua. Dua tulimwombea, kisha tukamuuliza: maji hayo huenda wapi?

Huzama chini. Mchanga ni mfano wa chujio; hupitisha maji pamoja na chakula cha mmea kabla mizizi haijafaidi. Dawa yake ni samadi, nayo Buna haiadimiki, kwani mazizi ya mbuzi yamejaa. Ila aichukue kwa idhini ya mwenyewe.

Achimbe kitanda chenye upana wa mita 1 na kina cha futi 1. Chini atandike majani makavu, kisha arudishie mchanga uliochanganywa na samadi, karai 1 kwa karai 3. Kitanda kibaki chini kidogo ya usawa wa uwanja, ili kila tone likusanyike humo. Samadi mbichi huunguza mizizi. Ailowanishe, aifunike, aiache miezi 2 au 3 hadi iwe nyeusi na harufu iishe. Akishapanda, afunike udongo kwa nyasi kavu, jua lisiyanyang'anye maji. Aanze na kunde, ambayo huvumilia ukame na kuirutubisha ardhi. Na kila msimu aongeze samadi, kwa kuwa joto huimaliza upesi.

Huenda mtu akauliza: samadi si najisi? Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii ni najisi, hata ikiwa ya mnyama wa halali. Hata hivyo, kurutubishia shamba kunaruhusiwa, na mboga iotayo humo ni tohara. Palipogusa samadi paoshwe. Ama maji yaliyokwisha kutawadhiwa, hayo ni tohara, ijapokuwa hayafai kutawadhia tena. Basi yakingwe kwa beseni, yapelekwe bustanini, na watoto wabakiwe na dumu lao. Tahadhari ni moja: visima vingi vya huko vina chumvi. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, yapumzishe maji hayo, ungoje ya mvua.

Nawe baba wa nyumba, usimkataze mkeo, mshikie jembe. Kitanda kimoja tu, kiwe tayari kabla ya mvua za Oktoba. Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba apandaye mmea, akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Hata mbuzi atakayeruka ua ana fungu lake katika thawabu zenu, ingawa ua mzuri nao ni katika kufunga ngamia.

Wabillahi tawfiq.