Msituhubirie Subira

Kila mwisho wa Machi, ligi kuu ya besiboli ya Marekani inapofungua msimu, wachambuzi hurudia maneno yale yale: leo timu zote 30 ziko sawa, hakuna iliyoshinda wala iliyofungwa, na shabiki wa kweli ni yule anayejua kusubiri. Sisi tunayo hata methali ya kulitia nguvu neno hilo, subira huvuta heri, na tunaitumia kwa ndoa, kwa shamba na kwa mwana aliye masomoni. Huko ibaki na heshima yake. Ninaopingana nao ni wale wanaomkabidhi methali hiyo shabiki wa Pittsburgh Pirates ili anyamaze mwaka mwingine. Imani kwamba ushabiki wa kweli ni uvumilivu ni imani mbaya. Inamfunga mdomo anayelipa kiingilio na kumpa kinga anayekipokea.

Siku yenyewe ya ufunguzi naipenda, na nisieleweke vibaya. Uwanja wa PNC Park, uliofunguliwa mwaka 2001, uko ukingoni mwa mto Allegheny, na ukikaa nyuma ya mpigaji unayaona majengo marefu ya jiji yamesimama ng'ambo. Daraja la Roberto Clemente hufungiwa magari siku ya mechi, watu wakavuka kwa miguu, wazee na wajukuu wao, wamevaa nyeusi na njano. Mechi ya jioni ya kule, kwetu Afrika Mashariki, huanza saa nane kasoro usiku, na wapo tunaokesha. Tuna sababu. Tarehe 26 Aprili 2017, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini aliingia uwanjani akiwa na jezi ya Pittsburgh, akawa mchezaji wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza katika ligi hiyo, na mara yake ya kwanza kushika gongo akaupiga vizuri mpira wa Jon Lester wa Chicago Cubs na kufika kituo cha kwanza. Mwaka 2023 klabu hiyo hiyo ikamsajili kijana wa Uganda, mrushaji David Matoma. Na miaka mingi kabla yao, tarehe 1 Septemba 1971, Pittsburgh ilianza mechi na wachezaji tisa ambao wote walikuwa weusi au wa asili ya Amerika ya Kilatini, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika ligi hiyo. Clemente mwenyewe, Mpuerto Rico, alikuwa mmoja wao. Alikufa tarehe 31 Desemba 1972, ndege iliyobeba misaada kwa walioathirika na tetemeko la Nikaragua ilipoanguka baharini. Klabu yenye historia kama hiyo haihitaji kumbembeleza mtu aipende.

Sasa tuhesabu subira ambayo tayari imetolewa. Ubingwa wa mwisho wa Pittsburgh ni wa mwaka 1979. Mwaka 1992 walikuwa hatua moja tu kabla ya fainali, World Series, wakafungwa na Atlanta katika mpigo wa mwisho wa mechi ya saba. Barry Bonds, mchezaji wao bora, akaenda San Francisco. Baada ya hapo ikaja misimu 20 mfululizo, kuanzia 1993 hadi 2012, ambayo kila mmoja ulikwisha timu ikiwa imefungwa mara nyingi kuliko ilivyoshinda. Katika michezo mikubwa ya kulipwa ya Amerika Kaskazini hakuna klabu nyingine iliyofikia rekodi hiyo. Mtoto aliyezaliwa usiku ule wa Atlanta alifikisha miaka 20 bila kuuona msimu mmoja wa ushindi. Ikafuata miaka mitatu mizuri, 2013 hadi 2015. Katika ule wa mwisho timu ilishinda mechi 98, kisha ikatolewa na Cubs katika mechi moja ya mtoano. Tangu hapo mpaka msimu wa 2025 ulipofungwa, Pittsburgh haikurudi tena kwenye mtoano. Anayewaambia watu hawa wajifunze kusubiri atuonyeshe kwanza ni nani katika mchezo huu aliyesubiri kuwapita.

Hofu yangu kubwa kila msimu unapoanza ina jina: Paul Skenes. Pittsburgh ilipoteza mechi 101 mwaka 2021 na 100 mwaka 2022, na Desemba ya mwaka huo bahati nasibu ya ligi ikaipa haki ya kuchagua kwanza kati ya vijana wanaoingia ligini. Ikamchagua Skenes mwaka 2023. Mwaka 2024 akatajwa kuwa mchezaji bora chipukizi. Mwaka 2025 akachukua tuzo ya Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, kwa kura zote. Kwa kila vipindi tisa alivyorusha aliruhusu kwa wastani chini ya pointi mbili, na kwa mrushaji wa leo hilo ni jambo la nadra mno. Rekodi yake ya msimu huo? Ushindi 10, kufungwa 10. Mrushaji wa kiwango hicho amefungwa sawa na alivyoshinda, kwa sababu wenzake walipata pointi chache kuliko timu nyingine yoyote kati ya 30. Nilimtazama usiku baada ya usiku akiondoka kwenye kilima cha mrushaji ameruhusu pointi moja, au hakuruhusu kabisa, huku ubao wa upande wake nao ukiwa na sufuri. Hapo nani anahitaji kufundishwa subira? Skenes ameshafanya kazi yake. Mashabiki nao wameshalipa. Aliyebaki na deni ni mwenye kitabu cha hundi.

Na muda una mwisho. Kwa kanuni za ligi, Skenes anaweza kuwa huru kwenda anakotaka baada ya msimu wa 2029. Mwaka 2025 mshahara wake wa msingi haukufika dola milioni moja, katika ligi ambayo New York Mets walimpa Juan Soto mkataba wa dola milioni 765 kwa miaka 15. Haya ndiyo majira ya kumzungushia Skenes wapigaji, wakati yeye mwenyewe bado ni rahisi kumlipa. Kila mwaka unaopita kwa jina la subira ni mwaka mmoja wa Skenes uliotupwa, na haurudi. Mji huu umeshaonja uchungu huo. Gerrit Cole alichaguliwa wa kwanza mwaka 2011, akauzwa Houston Januari 2018, na Cy Young yake akaichukua mwaka 2023 akiwa na Yankees. Wiki ile ile aliyoondoka Cole, akauzwa pia Andrew McCutchen, mchezaji bora wa mwaka 2013 na kipenzi cha mji mzima. Mrushaji Tyler Glasnow aliuzwa mwaka huo huo, na mwaka 2025 alikuwa akisherehekea ubingwa na Los Angeles Dodgers.

Msomaji aliyekulia kwenye soka la Tanzania au Kenya anaweza kujiuliza mmiliki anathubutuje. Jibu liko kwenye muundo wa ligi yenyewe. Kwetu timu inayoshika mkia inashuka daraja. Wafadhili wanatoweka, viongozi wanaitwa kwenye mkutano mkuu, na wanachama wanataka maelezo. Kule hakuna kushuka daraja. Timu iliyopoteza mechi 100 mwaka huu itafungua msimu ujao katika ligi ile ile, ikiwa na mgao ule ule wa fedha za televisheni ya taifa, na juu yake itapewa nafasi nzuri ya kuchagua vijana wa mbele kabisa. Kila klabu huchangia asilimia 48 ya mapato yake halisi ya nyumbani kwenye mfuko unaogawanywa sawa kwa zote, kwa hiyo klabu za miji midogo hupokea fedha za miji mikubwa. Lengo la mpango huo ni jema: fedha hizo zijenge timu. Lakini ligi haina kiwango cha chini cha mishahara ambacho kila klabu inalazimika kukitumia, wakati ligi za mpira wa kikapu, hoki ya barafu na soka la Kimarekani zinacho. Februari 2018 chama cha wachezaji kilifungua malalamiko rasmi dhidi ya klabu nne, Pittsburgh ikiwa mojawapo, kikihoji namna zilivyotumia fedha za mgao huo. Katika mazingira kama hayo, kinachoweza kumgusa mmiliki ni hasira ya mashabiki tu. Ndiyo hiyo tunaambiwa tuimeze.

Wanaotetea subira wana hoja mbili, na nitazijibu.

Ya kwanza ni kwamba Pittsburgh ni mji mdogo, hauwezi kushindana na New York au Los Angeles. Basi tuangalie Kansas City, ambao nao ni mji mdogo. Mwaka 2023 timu yao, Royals, ilipoteza mechi 106. Walikuwa na kila kisingizio cha kuomba miaka mitano mingine. Badala yake, majira ya baridi yaliyofuata walinunua warushaji Seth Lugo na Michael Wacha, na Februari 2024 wakamsainisha kijana wao Bobby Witt Jr. mkataba wa miaka 11 wenye thamani ya dola milioni 288.7. Mwaka huo huo wakashinda mechi 86 na kuingia mtoano. Milwaukee, moja ya miji midogo kabisa katika ligi, ilishinda mechi 97 mwaka 2025, nyingi kuliko timu nyingine yoyote. Ni kweli Dodgers waliwatoa bila hata ushindi mmoja, na fedha zina nguvu, sikatai. Lakini shabiki wa Milwaukee alipata miezi sita ya kuamka kila asubuhi na kutafuta matokeo kwa furaha. Nitakuwa mwadilifu kwa Pittsburgh pia: mwaka 2023 walimpa Bryan Reynolds dola milioni 106.75 kwa miaka 8, mkataba mkubwa kuliko yote iliyotangulia katika historia ya klabu. Ni hatua. Kwa klabu iliyoanzishwa karne ya 19, imechelewa sana kuvuka milioni mia.

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Houston walipoteza mechi zaidi ya 100 kwa misimu mitatu mfululizo, 2011 hadi 2013, wakawa mabingwa 2017. Cubs walipoteza 101 mwaka 2012, na mwaka 2016 wakamaliza ukame wa miaka 108. Je, si subira hiyo? Hapana. Ubingwa wa Houston una doa la wizi wa ishara za wapinzani, na hilo tuliweke kando. Tuangalie kilichofanyika vijana walipokomaa. Cubs, mwisho wa 2014, walimlipa Jon Lester dola milioni 155. Houston, usiku wa mwisho wa Agosti 2017, walimchukua mrushaji Justin Verlander. Mashabiki wao walisubiri, ndiyo, lakini saa ilipofika wamiliki walifungua pochi. Palikuwa na ahadi, na palikuwa na siku ya kuitimiza. Subira isiyo na tarehe ni kunyamazishwa.

Na msiniambie kwamba uaminifu hulipwa. Oakland walikuwa na timu kwa misimu 57 na ubingwa mara nne. Mmiliki aliwauza nyota wake mmoja baada ya mwingine. Watu walipopungua uwanjani, wakaambiwa hawaipendi timu. Tarehe 13 Juni 2023 wakajitokeza zaidi ya 27,000 katika uwanja uliokuwa umezoea kuwa mtupu, wamevaa fulana za kijani zinazomtaka mmiliki auze. Novemba hiyo wamiliki wote 30 wakapiga kura ya kuruhusu timu ihamie Las Vegas. Leo inacheza kwenye uwanja wa ligi ndogo karibu na Sacramento, ikingoja uwanja wake mpya. Kelele za Oakland zilichelewa. Pittsburgh isichelewe.

Maana kelele zinazokuja mapema hufanya kazi. Aprili 2025, ukutani upande wa kulia wa PNC Park, ukuta wenye kimo cha futi 21 kwa heshima ya namba aliyovaa Clemente, nembo ya 21 iliondolewa na mahali pake pakawekwa tangazo la pombe. Mwezi huo huo matofali ambayo mashabiki waliyanunua uwanja ulipojengwa, yenye majina ya familia zao, mengine ya wazee waliokwisha kufa, yalionekana yamerundikwa kwenye yadi ya kurejeleza taka. Tayari mechi ya kwanza ya nyumbani ilikuwa imejaa sauti za watu wakimtaka mmiliki, Bob Nutting, auze timu. Hawakusubiri. Nembo ya Clemente ikarudishwa, na klabu ikaomba radhi.

Kuna subira moja ninayoikubali, nayo ni ya wachezaji. Mchezo wenyewe unaitaka: mpigaji hodari hushindwa mara saba katika kumi, na msimu una mechi 162. Washington mwaka 2019 walianza kwa ushindi 19 na kufungwa 31, wakamaliza wakiwa mabingwa wa dunia. Kwa hiyo kijana wa Pittsburgh akishika gongo Aprili nzima bila kupiga kitu, nitamvumilia na nitamtetea mbele ya yeyote. Kosa ni kuihamisha huruma anayostahili mtu wa miaka 21 uwanjani na kumpa mwenye mali ofisini. Kocha Derek Shelton alifukuzwa Mei 2025 timu ikiwa na ushindi 12 na kufungwa 26. Yeye hakupewa subira. Waliompa timu isiyo na wapigaji walibaki.

Msimu huu una jambo jingine zito. Mkataba wa kazi kati ya wamiliki na wachezaji unamalizika tarehe 1 Desemba 2026, na wapo wamiliki wanaotaka mishahara iwekewe ukomo wa juu, wakisema ni kwa ajili ya shabiki wa mji mdogo. Watalitumia jina letu. Basi shabiki wa Pittsburgh aanze sasa, kuanzia mechi ya kwanza, kusema kwa sauti anachokitaka yeye: kiwango cha chini cha mishahara kisichokwepeka, hesabu za fedha za mgao ziwekwe wazi, na wapigaji wawili wa maana kabla dirisha la usajili halijafungwa, Skenes angali amevaa namba 30 ya Pittsburgh.