Usiuite Mkweche!

Wiki hii tuangalie yale magari ya wazee yaliyo juu ya mawe uani, kuku wanataga kwenye siti.

Mimi macho yangu hayapitwi. Mwananyamala nimeshaona Peugeot 404. Mshikaji wangu akabeza, “Skrepa hiyo!” Taratibu, kaka! Hilo lilitoka mwaka 1960, mchoro wa Pininfarina wa Italia. Utalijua kwa mapezi mawili nyuma, kama papa, na gia iko kwenye usukani.

Usilione hivyo, lilitisha. Lilishinda East African Safari mwaka 1963, likarudia 1966, 1967 na 1968, kwenye vumbi na matope ya kufa mtu. Miaka ya 1966 na 1967 aliyeshika usukani ni Bert Shankland, dereva wa hapa hapa Dar!

Sasa mitaa imejaa IST, na wanunuzi wa chuma chakavu wanapita na mizani. Mzee akibanwa na ada ya shule, gari lenye historia linapimwa kilo. Likishakatwa, ndiyo basi.

Ukiliona, piga shikamoo kwanza, kisha ulizia. Kama mzee anauza, dai kadi ya gari. Halafu inama uchungulie chini: injini inatafutika, lakini bodi likishaliwa na kutu, umeuziwa kimeo.

Fungueni macho, wana. Tuonane wiki ijayo!