Mkitaka kurudia tamthilia, irudieni kwa mpangilio

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niwafikishie wenye kampuni za televisheni ya kulipia malalamiko ambayo wahudumu wao wa simu wamezoea kuyapuuza. Sina ugomvi na marudio. Wengine hunung'unika kwamba runinga zimejaa vipindi vya kale, mimi huvitafuta. Kinachonikera ni kuviona vikirushwa shaghalabaghala, bila kufuata mpangilio wala ratiba, kisha kuondolewa kabla hadithi haijaisha, ilhali ada ya mwezi haijawahi kuchelewa kuitishwa.

Nitatoa mfano mmoja. Kampuni inayohudumia mtaa wetu hapa Kitengela ilianza kurudia Star Trek: Deep Space Nine, saa tatu usiku. Nilifurahi mno. Kwa sisi tunaofanya kazi Nairobi na kurudi kwa kusukumana na msongamano wa Barabara ya Mombasa, hiyo ndiyo saa ambayo mtu amekwisha kula na anaweza kukaa. Tamthilia hiyo ilirushwa Marekani kuanzia 1993 hadi 1999, misimu saba, vipindi 176. Avery Brooks anaigiza Benjamin Sisko, mkuu wa kituo cha angani, mwanamume mweusi aliyefiwa na mkewe na anayemlea mwanawe huku akibeba mzigo wa vita.

Kuna tamthilia unazoweza kuzidakia popote, kwa kuwa kila kipindi kina kisa chake. Hii sivyo, hasa kuanzia katikati. Mwishoni mwa msimu wa tano kituo kinatekwa na adui, na vipindi sita vya kwanza vya msimu wa sita vinasimulia jinsi kinavyokombolewa, kimoja kikishikana na kingine. Sasa fikiria: leo kituo kinatekwa, kesho tunarudishwa msimu wa kwanza, kesho kutwa kituo kimekwisha kombolewa na hakuna anayejua kwa vipi. Usiku mwingine ratiba iliyo kwenye skrini inataja Sisko, lakini kinachorushwa ni mieleka. Kisha, tulipokaribia vipindi vya mwisho, saa ile ikapewa mashindano ya upishi. Hakuna aliyetuambia neno.

Nilipopiga simu kuuliza, niliambiwa kwa upole kwamba ratiba hupangwa ng'ambo. Jibu hilo ni sawa na kulipa nauli ya Kajiado mjini, ukashushwa Isinya, na kondakta akakuambia safari iliyobaki ni shauri la mwenye gari aliye nchi nyingine. Nauli ilipokelewa hapa. Ada yetu pia hupokelewa hapa, na siku inapokwisha king'amuzi hufungwa papo hapo bila kungoja idhini ya ng'ambo.

Najua nitaambiwa nihamie intaneti nikachague ninachotaka. Wenye uwezo huo wamekwisha hama, na kila la heri kwao. Lakini nyaya za intaneti zilizofika katika mitaa mipya ya Kitengela hazijafika kila boma la Kisaju au Bissil, na kutazama filamu kwa bando za simu humaliza pesa haraka. Isitoshe, huduma ikiwa imetangazwa na kulipiwa, dawa ya ubovu wake si kumfukuza mteja.

Kuna wanaodhani kwamba marudio ni makombo, hivyo hayastahili kupangwa. Historia inawakana. Star Trek ya kwanza ilisitishwa na televisheni ya NBC mwaka 1969 baada ya vipindi 79 tu. Vilivyoifufua ni vituo vidogo vya miji ya Marekani vilivyoirudia kila siku, saa ile ile, hadi vijana waliokuwa hawaijui wakaipenda, na mwaka 1979 ikapata filamu yake ya kwanza ya sinema. Nayo BBC ilifuta kanda nyingi za tamthilia ya Doctor Who ikidhani hakuna atakayezihitaji tena. Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba vipindi tisa vilivyokuwa vimepotea vimepatikana katika kituo cha televisheni huko Jos, Nigeria. Walioviona kuwa takataka ndio waliovishangilia.

Na kama haki za kurusha vipindi vya ng'ambo ni ghali, mbona hatupewi vyetu? Mwaka 2009 ukame ulimaliza ng'ombe Kajiado, na wafugaji wakabaki kuhesabu mizoga. Mwaka huo huo Mkenya Wanuri Kahiu alitengeneza Pumzi, filamu fupi ya kisayansi kuhusu watu wanaoishi katika makazi yaliyofungwa baada ya vita vya kugombea maji. Inatosha kabisa katika nusu saa ya televisheni. Kwenye chaneli ninazolipia, sijawahi kuiona hata mara moja. Mieleka ile ile nimeiona hadi namjua atakayeanguka.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma zenye ubora unaofaa, na pia haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike nazo kikamilifu. Ratiba ni habari. Ratiba ya uongo ni huduma mbovu. Tulipohamishwa kutoka analogi kwenda dijitali mwaka 2015, tukinunua ving'amuzi kwa pesa zetu, tuliahidiwa chaneli nyingi na picha safi. Tumezipata. Sasa tunadai adabu ya kutuonyesha kilichotangazwa.

Ninaiomba Mamlaka ya Mawasiliano izitake kampuni hizi zitimize mambo manne. Kwanza, tamthilia yenye mfululizo irushwe kwa mpangilio wake. Pili, ratiba ikibadilika, mtazamaji aarifiwe mapema kwenye skrini. Tatu, kampuni ikiwa imenunua misimu minne kati ya saba, iseme hivyo siku ya kwanza, ili anayetaka kuanza aanze akijua. Nne, chaneli ikiondolewa kabla mwezi uliolipiwa haujaisha, mteja aongezewe siku.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mitambo mipya. Yanahitaji mtu mmoja ofisini mwenye orodha ya vipindi na nia ya kuifuata. Kampuni yangu isipompata mtu huyo kabla ya ada ya mwezi ujao, itaipokea kutoka nyumba nyingine.

Mtazamaji aliyelipa,
Kitengela, Kaunti ya Kajiado