MIZANI MBILI KATIKA NJIA MOJA

Ndugu wanachama na wafanya kazi wote,

Nimemwomba Katibu wa tawi anipe nafasi katika gazeti letu ili nijibu neno lililosemwa katika mkutano uliopita. Ndugu mmoja, ambaye mimi namheshimu, alisimama akasema: "Sisi ni watu wa mji, tudai haki ya mji. Hao wa rizavu wana mashamba na mbuzi, chakula wanakula bure. Tukiwabeba watatuchelewesha." Watu wengi walipiga makofi. Mimi sikupiga, na sababu yangu ni hii.

Ndugu, mji wetu huu ulipata jina lake kwa mlolongo wa malori yaliyokuwa yakingoja mizani katika njia ya Mombasa. Mizani ile haikumwuliza dereva kwao ni wapi. Kilo ni kilo. Lakini iko mizani nyingine, ya kupima jasho la mtu, nayo yauliza sana. Tazameni Amri ya Mishahara iliyotolewa na Serikali mwaka 2022. Kibarua wa kawaida, mfagiaji au mlinzi wa mchana katika Nairobi aliwekewa mshahara wa chini wa Sh. 15,201.65 kwa mwezi, mbali na posho ya nyumba. Mwenzake wa Mavoko, yaani sisi wa Mlolongo, aliwekewa Sh. 14,025.40. Na yule wa kijijini aliwekewa Sh. 8,109.90. Kazi ni ile ile, ufagio ni ule ule, na jua ni lile lile.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Kwa Amri ile ya 2022, kati ya Nairobi na Mlolongo tofauti ilikuwa Sh. 1,176.25 kila mwezi. Kwa mwaka ilikuwa Sh. 14,115. Fedha hizo zilikuwa zaidi ya mshahara wa mwezi mzima wa mtu wa Mlolongo! Basi ni kana kwamba amefanya kazi mwezi mmoja bure, kwa kosa la kufanyia kazi upande huu wa mpaka.

Wasema maisha ya mji ni ghali. Haya, ni nani aliyewaambia kwamba Mlolongo ni rahisi? Mwenye nyumba akija mwisho wa mwezi hatazami ramani. Maji twanunua kwa mtungi. Unga wa dukani haupungui bei kwa sababu umevuka mpaka. Tena kituo kikubwa cha reli mpya, kilichofunguliwa mwaka 2017, kiko huku Syokimau lakini kimepewa jina la Nairobi. Barabara ile ya juu ya kulipia, iliyofunguliwa mwaka 2022, huanzia hapa hapa Mlolongo kwenda Westlands. Mji ukitaka ardhi yetu, sisi ni Nairobi. Mji ukifika wakati wa kulipa, sisi ni Machakos.

Sasa nawarudia wale wa rizavu, maana mpaka unaotuumiza sisi kidogo unawaumiza wao zaidi. Hata hilo neno "rizavu" tulirithi kwa wakoloni, pamoja na hesabu yake. Hesabu ya tajiri wa zamani ilikuwa hivi: mwanamume aje mjini peke yake, alipwe kama kapera, alale kitanda kimoja. Mke na watoto wabaki nyumbani, shamba litawalisha. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na F. W. Carpenter iliona wazi kwamba mshahara wa chini uliwekwa kwa kumhesabu mtu mmoja asiye na jamaa, ikashauri upandishwe umtoshe mtu pamoja na mkewe na watoto. Wakoloni wamekwenda. Uhuru ulipatikana mwaka 1963. Lakini ndugu yetu anaposema mtu wa shamba anakula bure, anasema maneno ya tajiri yule yule, tena bila kulipwa!

Nani anakula bure? Mimi mshahara wangu haumalizi mwezi. Kila baada ya muda kondakta wa basi huniletea gunia kutoka nyumbani: muthokoi, ndengu na mbaazi. Chakula hicho kililimwa na mama yangu na mke wangu, kwa jembe la mkono, katika mwaka ambao mvua iliwahurumia. Nikituma shilingi elfu mbili kwa simu, najiona mtu mkubwa anayelisha watu. Ukweli ni kwamba wao ndio wananilisha mimi, na kwa hiyo wanamsaidia tajiri wangu anilipe kidogo. Jembe la mama yangu ni sehemu ya mshahara wangu ambayo tajiri hakuilipa.

Tena tazameni malori yapitayo hapa. Mchanga uliojenga maghorofa ya Nairobi mwingi ulichotwa katika mito ya Ukambani, na mito mingine imebaki mawe matupu. Nayo Nairobi yaturudishia nini? Taka zake na maji yake machafu huteremka kwa mto Nairobi, yakaingia mto Athi, yakawafikia watu wanaonywesha ng'ombe na kumwagilia sukuma wiki huko chini. Kisha mtu wa mji akiuona mboga huo sokoni husema, "Hawa washamba hawajui usafi."

Labda mtasema hiyo ni huruma tu, na chama si kanisa. Basi sikilizeni jambo la tumbo. Nina binamu yangu anayekata nyasi kando ya reli upande wa Emali. Ameajiriwa na kontrakta, halipwi kwa mkataba wa chama chetu. Alipouliza habari ya nyongeza aliambiwa, "Hapa ni kijijini, shukuru." Siku si nyingi kontrakta huyo alileta vijana kutoka huko huko wafanye kazi karibu na kwetu, kwa mshahara wa huko. Wazee waliokuwa wakifagia hapa waliambiwa wapumzike. Mwaona? Tajiri hana haja ya kuvunja chama. Akijua kwamba saa tatu tu kwa njia ya reli yuko mtu ambaye sisi wenyewe tumemdharau na kumwacha, atamleta. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Nao watu wa shamba si wajinga wa umoja. Mwaka 1938 Serikali ya kikoloni ilichukua ng'ombe wa Wakamba wa Machakos kwa nguvu, wakauzwa kwa bei ya chini, na kiwanda cha nyama kilikuwa tayari hapa Athi River. Watu hawakuandika barua moja wakalala. Walikuja Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wanaume, wanawake na watoto, wakakaa Kariokor wiki kadhaa wakitaka kumwona Gavana. Muindi alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu, lakini watu hawakulegea, na mwisho Serikali iliacha kuwauza ng'ombe wao kwa nguvu. Leo barabara moja katikati ya Nairobi ina jina lake. Je, sisi watu wa mji tumekaa mahali pamoja wiki ngapi kwa ajili ya mfagiaji?

Neno moja la kujilaumu wenyewe. Uchaguzi wa Agosti 2022 ulipofika, katika ploti yetu vyumba vilifungwa makufuli, watu wakapanda mabasi kwenda kupiga kura kwao. Nami nilikwenda. Basi hapa Mlolongo tunapolala na kuugua na kukosa maji, mheshimiwa hatuogopi, maana kura zetu haziko. Na kule tulikopiga kura hatuko siku zote za kumkumbusha mheshimiwa ahadi yake. Mji watuita washamba, shamba latuita watu wa mji, na wakubwa wa pande zote mbili hawatuhesabu. Kila mmoja aamue atajiandikisha wapi, kisha mahali hapo ahudhurie mikutano na kuuliza maswali.

Ndugu, katika mkutano ujao wa tawi tutapiga kura juu ya madai yetu. Mimi naomba tukubaliane haya. Kwanza, chama kipeleke kwa Waziri wa Kazi dai kwamba Mavoko ilipwe sawa na Nairobi. Pili, mshahara wa chini wa kijijini upandishwe hata pengo hilo life, wala tusikubali kupata letu kwa kuliacha lao. Tatu, vibarua wote wa makontrakta kando ya reli waandikishwe katika chama, kuanzia mwezi huu, kila mwanachama alete mmoja. Mimi nitamleta binamu yangu.

Misheni tulifundishwa habari za mwenye shamba la mizabibu aliyewalipa wote dinari moja, hata waliokuja jioni. Sisi hatuombi ukarimu kama huo. Twataka tu waliofanya kazi sawa, saa sawa, wapimwe kwa mizani moja.

Kidole kimoja hakivunji chawa.

Ni mimi ndugu yenu,
Mfanya kazi wa Reli, Mlolongo