STERING HAFI, TAMTHILIA NDIYO INAKUFA

SEHEMU YA 1

Mama zangu, dada zangu, na nyie mababa vijana mnaosoma kimyakimya bila kuacha hata komenti, karibuni. Niliandika kuhusu homa za usiku, inbox ikajaa swali lingine kabisa: "Nesi, wanangu wameganda kwenye tamthilia za masupahiro, na mimi mwenyewe nimenasa. Hivi zinaisha lini?"

Jibu fupi: haziishi, na huko kutokuisha ndiko kunakoziua. Jibu refu nitaligawa vipande vinne. Atakayekasirika anivumilie mpaka cha mwisho.

Naichukua The Flash, kwa sababu nimeitazama yote, kidogo kidogo, kati ya zamu na zamu. Ilianza Oktoba 2014 huko Marekani, ikafungwa Mei 2023. Sizoni 9, episodi 184. Na nasema wazi kabla hamjanirukia: sizoni ya 1 ni nzuri. Nzuri sana tu.

Kwa nini? Kwa sababu ni hadithi ya mama. Barry Allen ana miaka 11, mama yake Nora anauawa usiku ndani ya nyumba yao, baba anafungwa kwa kosa ambalo hakulifanya. Mtoto analelewa na askari, Joe West. Akishakuwa mtu mzima anapigwa na radi, anapata mbio za ajabu, na mbio zote hizo zina swali moja tu: nani alimuua mama yangu?

(Kidogo nipumue kama nesi. Barry anakaa kwenye koma miezi 9, anaamka na tumbo limejigawa kama la mnyanyua vyuma. Jamani! Mgonjwa wa miezi 9 kitandani misuli inakwisha, viungo vinakakamaa, na usipomgeuza kila baada ya saa mbili anapata vidonda vya mgandamizo. Ila sawa, radi ni radi, tuliwasamehe.)

Sasa mwisho wa sizoni ile. Barry anarudi nyuma ya wakati, anafika usiku uleule, nyumba ileile. Uwezo wa kumwokoa mama anao. Anamwona yeye mwenyewe wa miaka ya mbele akimpa ishara: usiingilie. Anasubiri nyuma ya mlango huku mama anachomwa kisu. Kisha anaingia, anavua barakoa, anamwambia kwamba yeye na baba wako salama. Anamshika mpaka anakata roho. Mimi nimekaa na watu wengi katika saa kama ile, na nawaambia, mwandishi wa pale alijua anachokiandika. Mtoto mkubwa amekuja kumuaga mama yake. Basi. Hadithi imeisha.

Ila zilikuwa zimebaki sizoni 8.

SEHEMU YA 2

Wengi mmeniandikia "nesi umegusa, nililia hapo". Najua mlilia. Sasa niambieni mlilia wapi tena kwenye sizoni ya 6. Nasubiri.

Mgonjwa anayetumia dawa kali ya maumivu kwa muda mrefu, mwili wake huizoea. Kipimo kilichomtuliza mwezi uliopita leo hakimtoshi, inabidi kipande. Watengenezaji wa tamthilia wanafanya hivyohivyo, tofauti ni kwamba daktari anajua kuna mahali atafika aseme hapana.

Angalieni maadui. Sizoni ya 1 adui ni mtu anayekimbia kuliko Barry, Eobard Thawne, aliyejificha ndani ya sura ya mwalimu wake. Utamu wote uko hapo, kwamba muuaji wa mama ndiye anayekufundisha kukimbia na anakupigapiga begani kwa upendo. Sizoni ya 2 adui ni nani? Mtu anayekimbia kuliko Barry, na yeye anajifanya rafiki. Ya 3? Mtu anayekimbia kuliko Barry, tena safari hii ni Barry mwenyewe kutoka siku zijazo. Sizoni ya 4 walijaribu mtu wa akili badala ya mbio, mwanzo ukawa mtamu, lakini episodi 23 ni nyingi mno kwa mtu mmoja kukaa kwenye kiti akitabasamu kwamba anajua kila kitu.

Na huyo Thawne alifutika kabisa mwishoni mwa sizoni ya 1. Babu yake wa ukoo alijipiga risasi ili yeye asizaliwe. Kijana wa watu alitoa uhai wake! Sizoni ya 2 Thawne akarudi. Wakaeleza, maneno meeengi ya kisayansi, eti ni mabaki ya wakati. Akaendelea kurudi mpaka sizoni ya mwisho. Sasa yule kijana alikufa kwa ajili ya nini?

Haya hayatokani na waandishi kukosa akili. Ni biashara, na nyie mnaouza vitenge mnaielewa kuliko mimi. Televisheni ya Marekani kwa miaka mingi iliuza tamthilia kwa wingi wa episodi: ikifika kama 100 hivi, inauzika kwa vituo vingine kurushwa kila siku, na hapo ndipo pesa ya kweli ilipo. Hakuna bosi anayelipwa kwa kumaliza hadithi mahali pake. Wageni wanaongezeka, kuku ni yuleyule, basi mchuzi unaongezwa maji. Ndiyo maana kuanzia katikati kila episodi mtu anamvuta Barry pembeni ya korido kumpa moyo: wewe unaweza, sisi ni familia, kimbia Barry. Mkipunguza hizo hotuba za korido nadhani inabaki nusu.

SEHEMU YA 3

Hiki ndicho kipande kilichonifanya nianze kuandika. Someni polepole, hasa mwenye mtoto wa chini ya miaka 8.

Tulipokuwa wadogo tulisema stering hafi. Tulicheka, tukajua ni mchezo wa muvi, na adui akifa alikuwa amekufa. Siku hizi hafi mtu yeyote. Mwisho wa sizoni ya 2, baada ya baba naye kuuawa, Barry anarudi usiku ule wa mama na safari hii anamwokoa. Lile kuaga lote, yale machozi yenu, yamefutwa. Halafu angalau wangekaa humo, watuonyeshe gharama ya kufanya hivyo. Episodi moja tu! Sizoni ya 3 inaanza, anaishi na wazazi wake kidogo, mambo yanaharibika, anarudisha karibu kila kitu mahali pake. Kifo cha mama kikawa swichi ya taa.

Niwe mkweli, hata sizoni ya 1 walimwua Cisco kisha Barry akakimbia kurudi nyuma siku moja ikawa hakijatokea kitu. Lakini mara moja ni chumvi. Ukimwaga kopo zima hiyo si mboga tena.

Heroes, ya 2006, ndiyo iliyonichekesha kabisa kwa kazi yangu. Kuna binti anaitwa Claire, jeraha lake lolote linafunga lenyewe. Sizoni ya 1 hiyo ni siri yake na mzigo wake. Sizoni ya 2 baba yake anapigwa risasi ya jicho, anawekewa damu ya Claire, anafufuka. Hakuna kupima kundi, hakuna kupima kama damu zinakubaliana, chupa inaning'inizwa tu! Lakini acha hilo. Tangu siku ile, kila mtu akifa mle ndani mtazamaji anajiuliza: damu ya Claire iko wapi? Walijichimbia shimo wenyewe. Hiyo ndiyo sizoni iliyokatwa ikabaki na episodi 11 kwa sababu ya mgomo wa waandishi, watu wengi wanasingizia mgomo. Damu iliwekwa kabla mgomo haujawabana, mama.

Sasa kwa nini nesi apoteze usiku wake na haya? Kwa sababu mtoto wa miaka 3, 4, 5 kwa kawaida haelewi bado kwamba kifo hakirudi nyuma. Anadhani ni kama kulala, au kusafiri. Uelewa huo unajengeka taratibu, wengi kati ya miaka 5 na 7. Na sisi wauguzi ndio tunaosimama pembeni ya kitanda siku bibi amefariki, mjukuu anauliza ataamka saa ngapi. Anauliza mara tatu. Hapo mama mtu hana sauti, analia, na mtoto anaangalia nani atarekebisha.

Sisemi tamthilia ndiyo iliyomfanya aulize, watoto wameuliza hivyo tangu dunia iumbwe. Nasema hadithi ni mojawapo ya vitu vya kumwandaa mtoto kwa siku ile, na ile sizoni ya 1 ingeweza: ukae na mwanao wa miaka 12, mtazame Barry akimwacha mama aende, mzungumze. Wao wenyewe walikuwa na chombo hicho mkononi wakakivunja ili wapate episodi nyingine 160.

SEHEMU YA 4

Majibu ya komenti.

"Nesi, ni burudani tu, usichukulie siriasi." Burudani ya episodi 184, dakika kama 42 kila moja, ni saa 128 na ushee. Hizo ni karibu zamu 11 za saa 12. Zamu zangu nalipwa. Wewe mwenye mtoto anayenyonya, unayelala kwa vipande, unalipwa nini ukikesha na sizoni ya 7 usiyoipenda hata wewe?

"Nimeshafika mbali, siwezi kuacha." Unaweza. Chakula kikichacha hukimalizi kwa sababu ulishakula nusu.

"Zote ndivyo zilivyo." Si zote. Watchmen ya 2019 ina episodi 9, Regina King ndani yake ni mama mlezi anayepigania nyumba yake, ikazoa tuzo 11 za Emmy mwaka 2020, na aliyeitunga akasema hadithi yake imeisha. Hiyo ni ya watu wazima, watoto wakishalala.

"Watoto wanalia nikizima." Watalia. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 mpaka 12, na wa chini ya miaka 5 Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 skrini isizidi saa moja kwa siku, wa chini ya miaka 2 asipewe kabisa. Ingia kwenye mipangilio uzime ile episodi inayojianzisha yenyewe. Hiyo sekunde chache ya kuhesabu imewekwa ili wewe usiamue.

Na kwa mliouliza mnunue sizoni ngapi za The Flash: wekeni moja, episodi 23. Ya 23 pale Barry anapovua barakoa mle chumbani kwa mama yake, mkalisheni mwenye umri wa kutosha karibu yenu. Zile nyingine mwambieni muuzaji awawekee katuni.

Kesho naingia usiku, komenti nitazijibu Jumamosi.