Kinga ya Salfa Ianze na Ukaguzi

Kila mwaka, wakati wengi wetu tunapambana na UE na kuulizana kama bumu la mwisho litawahi kuingia, mikorosho inaanza kutoa maua. Na mikorosho ikitoa maua, salfa inapulizwa. Kwa mwanachuo aliyekulia Mbeya au Arusha hilo ni jambo la kusoma gazetini. Kwa sisi tuliotoka Pwani, Lindi, Mtwara na Tunduru, korosho ndiyo iliyolipa michango ya shule, ikanunua godoro la bweni na nauli ya kuja chuo. Kwa hiyo nina deni kwa watu wanaoipuliza hiyo salfa, na leo nataka kuzungumzia hewa wanayoivuta wakiwa kazini.

Hoja yangu ni fupi. Tukizungumza kinga ya mpulizaji tunazungumza kugawa barakoa, na tukishagawa tunaona kazi imekwisha. Mimi nasema kugawa ni nusu ya kwanza tu. Barakoa ambayo haijakaa sawasawa usoni, na kifaa ambacho hakuna aliyekikagua asubuhi ile, vinampa mtu ujasiri wa kuingia kwenye vumbi bila kumpa kinga. Na kazi ya kufundisha ukaguzi huo inatuhusu sisi wanafunzi, hasa tunaosomea ualimu.

Kwanza, mtu asinielewe vibaya: sipingi salfa. Ubwiriunga unaletwa na kuvu anayefunika maua na majani machanga kwa unga mweupe, na ua likishashambuliwa hivyo ni nadra litunge korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya zaidi ya tani 140,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 hazikufika 20,000. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwemo bei ndogo na watu kuhamishiwa vijijini mbali na mashamba yao, lakini ubwiriunga ulikuwa mojawapo. Salfa ya unga, pamoja na kazi ya watafiti wa Naliendele kule Mtwara, imesaidia sana kuinua zao hili tena. Anayemwambia mkulima aache salfa hajawahi kumuona akitazama maua yaliyokauka.

Kinachonisumbua ni jinsi unga huo unavyofika mtini. Mpulizaji anabeba mashine ya injini mgongoni na kuanza alfajiri, wakati upepo umetulia na majani yana umande, ili unga ushike. Anaelekeza bomba juu, unga unapanda matawini, halafu unashuka. Unamshukia nani? Aliye chini. Mfuko wa salfa una kilo 25; kwa kipimo cha robo kilo kwa mti, unatosha miti kama 100. Zidisha kwa mizunguko ya msimu mmoja. Kisha zidisha tena kwa mashamba ya watu, kwa sababu huko kwetu Marui, wilayani Kisarawe, si kila mwenye mikorosho ana mashine. Wapo watu wachache wenye mashine, wanaitwa shamba hili na lile na kulipwa kwa kazi waliyofanya. Wachache hao ndio wanaovuta vumbi la kata nzima. Macho yanawasha, koo linakereka, kikohozi kinaanza. Mwenye pumu anaumia zaidi.

Usoni wamevaa nini? Nimeona kanga iliyokunjwa, nimeona fulana iliyofungwa kisogoni, nimeona barakoa nyepesi ya bluu kama zile za wakati wa Korona. Barakoa ile ilitengenezwa zaidi kuzuia matone ya mate na damu. Pembeni iko wazi, na hewa hupita palipo rahisi kupita. Ukivuta pumzi kwa nguvu chini ya mzigo wa mashine, hewa inaingilia mashavuni, na vumbi linaingia nayo.

Barakoa za kutupa zinazochuja vumbi kweli, kama zile zenye alama ya N95 au FFP2, zina masharti yake. Kwa nyingi kati yake, mkanda wa juu unakaa utosini na wa chini unapita chini ya masikio, shingoni. Ule waya wa puani unabonyezwa kwa vidole vya mikono miwili mpaka ufuate umbo la pua. Halafu unaifunika barakoa kwa viganja na kupumua kwa nguvu: ukisikia upepo machoni au mashavuni, haijaziba, rekebisha na ujaribu tena. Dakika moja inatosha. Lakini pale inapogusa ngozi pasiwe na ndevu, maana kila unywele unaacha njia.

Hapo kwenye ndevu ndipo mambo yalipogoma. Likizo iliyopita nilimwonyesha mjomba wangu hatua hizo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akashika kidevu chake.

"Mwanangu, na hapa panazibika vipi?"

"Kwa kweli mjomba, hapo hapazibiki."

"Basi hiyo si yangu. Ndevu hizi ni sunna, sizinyoi kwa ajili ya korosho."

Mjomba alikuwa sahihi kabisa kuhusu barakoa, na kuhusu ndevu zake si mimi wa kumpangia. Mafunzo yoyote yatakayoletwa Marui na yasiwe na jibu la swali lake yatawaacha nje wazee wengi wa pwani.

Jibu lipo, ingawa si la bei rahisi. Kuna kifaa cha kupumulia kinachotumia feni. Mtu anafunga kiunoni mkanda wenye betri, feni ndogo na chujio. Feni inavuta hewa ya nje, inaipitisha kwenye chujio na kuisukuma kwa bomba hadi ndani ya kofia inayofunika kichwa na uso, yenye kioo laini mbele. Kofia haibani usoni. Kwa kuwa hewa safi inaingia kwa wingi na kutokea pembezoni, vumbi linasukumwa nje. Ndevu hazina tatizo, miwani haina tatizo, na macho nayo yamefunikwa. Vifaa hivi vinatumika kwenye maabara, kwenye wodi za magonjwa ya kuambukiza, kwa wachomeleaji na wapaka rangi za magari.

Kule Marekani wakala wa usalama kazini, ambao kifupi chake ni OSHA kama wa kwetu, unaihesabu barakoa ya kawaida ya kuchuja, ikikaa sawasawa, kuwa inapunguza vumbi mara 10. Kifaa cha feni chenye kofia isiyobana kinahesabiwa mara 25, na baadhi ya kofia ambazo mtengenezaji ana vipimo vya kuzithibitisha hufika mara 1,000. Lakini namba hizo zote zina neno "ikiwa" mbele yake: ikiwa kimevaliwa ipasavyo, ikiwa kimekaguliwa. Feni ikidhoofika, ile kofia inabaki mfuko kichwani.

Ukaguzi wenyewe si elimu ya anga. Kila aina ina kitabu chake cha maelekezo, na hicho ndicho cha kufuata, lakini mpangilio ni huu. Kwanza betri: ilichajiwa usiku, na taa yake inaonyesha imejaa. Pili chujio: ni la vumbi, halijapasuka, halijalowa, muda wake haujapita, na mpira wake wa kuzibia upo mahali pake. Chujio lililojaa halipigwi ukutani wala halipulizwi kwa pampu ya gereji. Ukifanya hivyo unalitoboa bila kujua. Linabadilishwa. Tatu bomba la hewa: livute taratibu, litazame kwenye mikunjo, kisha lifunge mpaka lishike. Vipuri vyote viwe vya mfumo mmoja. Ule ufundi wetu wa kuunga bomba la kampuni hii na kofia ya ile, hapa hapana.

Nne, na hii ndiyo watu huiruka, pima mkondo wa hewa. Vifaa vingi huja na kipimo kidogo cha plastiki chenye kitu kinachoelea ndani. Washa feni, kiweke kipimo panapotakiwa, na usubiri: kile kinachoelea lazima kipande hadi juu ya mstari. Kwa kofia isiyobana, kiwango kinachotakiwa Marekani ni angalau lita 170 kwa dakika. Kwa barakoa inayobana uso, ni lita 115. Wingi huo si anasa. Mtu aliyebeba mashine anavuta pumzi ndefu, na feni lazima ilete hewa nyingi kuliko anayovuta, la sivyo atavuta ya nje. Tano, jaribu king'ora: kwa aina nyingi unaziba mdomo wa bomba kwa kiganja na kusubiri kifaa kilalamike. Kisipolalamika, hakitalalamika shambani pia.

Baada ya hapo feni inawashwa kabla ya kuvaa, kofia inavaliwa, na pindo lake linakaa chini ya kidevu au ndani ya ovaroli kama kitabu kinavyosema. King'ora kikilia kazini, mtu anazima mashine ya salfa, anatoka upande upepo unakotoka mpaka hewa safi, ndipo anavua. Kuvua ndani ya wingu ili "kuangalia kuna nini" ni kuvuta kwa pamoja kile ulichokikwepa asubuhi nzima.

Na kuna mambo mawili ambayo muuzaji anaweza asiyaseme. La kwanza, salfa inashika moto, na wingu lake zito linaweza kulipuka kwa cheche. Si kila feni ya betri inaruhusiwa kwenye vumbi la namna hiyo, kwa hiyo swali la kwanza dukani, kabla ya bei, ni kama mota na betri vimeidhinishwa kwa vumbi linaloweza kuwaka. La pili, kifaa hiki kinachuja tu, hakitengenezi oksijeni. Siku mtu akikikopa ili aingie kwenye kisima au shimo la choo, anaweza asitoke. Hilo liandikwe kwa rangi nyekundu kwenye sanduku.

Najua mtakachosema: kijijini nani ataweza kununua? Mkulima mmoja mmoja, hapana. Lakini nimeshasema wapulizaji ni wachache. Chama cha msingi kinachokusanya korosho za wanachama kinaweza kumiliki seti mbili tatu na kuziazimisha kwa zamu, kama vijiji vinavyofanya kwa viti na maturubai ya shughuli. Wengine wenye kidevu kisicho na ndevu wapate barakoa za kutupa zilizo sahihi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kinga. Sasa huyu anayelipwa kwa mti, leo kwa Mzee huyu, kesho kwa Bibi yule, mwajiri wake ni nani? Ndiyo maana naona mzigo huu ubebwe na ushirika.

Ila seti ikinunuliwa bila mtu wa kuikagua, msimu wa pili itakuwa stoo, betri imekufa, chujio ni jeusi. Lazima awepo mtu mmoja anayeshika daftari: nani amechukua, betri imejaa, mkondo umepima, chujio limebadilishwa lini. Hakuna mstari kwenye daftari, hakuna kifaa kutoka. Mtu huyo anahitaji kufundishwa, naye awafundishe wengine.

Na hapa nawageukia wenzangu wa ualimu. Tunafundishwa darasani kwamba stadi haifundishwi kwa kuhutubia: unaonyesha, mnafanya pamoja, kisha mwanafunzi anafanya peke yake ukimtazama. Hivyo hivyo ndivyo mtu anavyofundishwa kupima mkondo wa hewa. Likizo yetu ndefu inaangukia msimu wa salfa. Tunarudi nyumbani bure kabisa, tunalala hadi saa nne, wakati mjomba ameshamaliza shamba la pili.

Naiomba serikali ya wanafunzi ifanye jambo moja kabla ya likizo: iombe idara inayohusika na usalama kazini hapa chuoni, au mtaalamu kutoka OSHA, atupe mafunzo ya siku moja sisi tunaotoka kwenye mikorosho. Ukumbi upo, watu tupo, na kiasi cha vifaa vya kujifunzia ni kidogo. Tukitoka hapo kila mmoja akae na wapulizaji wa kijijini kwake asubuhi moja tu, kabla mashine hazijawashwa. Na mafunzo hayo yaanze na swali la mjomba kuhusu ndevu, kwa sababu wazee watauliza hilohilo.